Nne Kupanda, Tatu Kushuka

Wahenga walisema maji hayapandi mlima.
Hawakumjua Zdravka binti Tsvyata,
wa zamu ya usiku, milima ya Rodopi,
aketiye mita mia tatu ndani ya mwamba
na chupa ya chai ya majani ya porini
na soksi mbili kila mguu.

Saa nane usiku, bondeni kumelala.
Viwanda kimya, friji peke yake zinakoroma,
bei ya umeme imeanguka hadi karibu ya bure.
Simu inalia kutoka Sofia: "Pandisha."
Anabonyeza kitufe cha kijani kilichochujuka katikati,
na lile gurudumu lililozunguka kulia jioni nzima,
likasimama, likatulia,
sasa linazunguka kushoto.
Kikombe kinatetemeka mezani.
Ziwa la chini linaanza kukwea tumbo la mlima
kwa handaki ambamo lori lingepita bila kukunja vioo.

Jioni huyaachia.
Saa moja, watu wakiingia makwao na theluji mabegani,
wakiwasha jiko, taa, pasi, televisheni,
maji yaleyale yanaporomoka gizani,
na bwawa la juu linashuka kingoni taratibu
kama mtu anayevua soksi.

Ndipo ukuta unapoibuka.

Mawe tu. Zizi la kondoo la Tsvyata:
kona moja na nusu ya mlango.
Lilizama mwaka ule walipokuja watu wa ramani,
wakalipa fidia iliyotosha cherehani na godoro,
wakawahamishia nyumba ya ng'ambo, yenye bafu.
Mama ana miaka themanini na saba.
Majina ya wajukuu yamemvuja
kama chumvi kwenye gunia bovu,
lakini dirishani hakosi.
Ukuta ukichungulia anasema, "Wamefungua."
Asubuhi maji yakiwa yameufunika, "Wamefunga."
Zdravka hajawahi kumwambia
kwamba mfunguaji na mfungaji ni yeye.

Mwezi wa Machi lango la chuma lilipata ufa.
Bwawa likakaushwa lote, hadi tope.
Metodi, fundi mkuu, akasema
hairuhusiwi mtu yeyote kushuka mle,
kisha akageuka kutafuta kiberiti mfukoni,
akakitafuta muda mrefu.
Wakashuka, mama na binti,
kwa viatu vya mpira vya watu wengine,
tope likinyonya kila hatua na kugoma kuirudisha.
Mama hakulia. Alihesabu mawe.
Penye la saba akainama, akaingiza mkono tunduni,
akatoa tope, akatoa tope, akatoa
kengele ya kondoo, imeziba, haina ulimi.
Akaitikisa sikioni.
"Garga huyu," akasema. "Mkaidi.
Kila vuli tulimburura. Hakupenda kushuka."
Kisha akataka kujua nani kamvalisha viatu vile vibaya.

Kwenye mafunzo, Zdravka alifundishwa hesabu:
unalipa uniti nne kuyapandisha maji,
yakishuka yanakurudishia tatu.
Ile ya nne usiitafute.
Imekwenda joto, imekwenda kelele,
imekwenda unyevu kwenye kuta za handaki.
Wakati ule aliiandika daftarini, akapiga mstari.
Maji yakimwagika huzoleka, basi,
ila hayazoleki yote, wala hayazoleki bure;
na hata hivyo kila usiku kuna mtu
anayepiga simu kuomba yazolewe.

Lango limezibwa. Aprili, saa nane.
"Pandisha."
Kengele iko juu ya meza ya mitambo, kando ya chupa.
Gurudumu linageuka kushoto, sakafu inanguruma,
na shaba inaigonga chupa kwa ubavu,
ti, ti, ti,
bila ulimi.

Huko juu dirisha moja lina taa.
Ukuta umebaki shubiri moja.